Tumebaki watu saba mu fizikia: niendelee ao nihame?

Swali lilinifikia juma lililopita toka kwa kijana mmoja wa Katuba, nimelifupisha kidogo tu:

"Yambo yaya. Miye niko mu L2 (mwaka wa pili wa lisansi) fizikia. Mu L1 tulianza watu makumi mbili na tatu, leo tumebaki saba, na wawili kati yetu wanangojea tu nafasi ya kuhamia politekniki. M1 (mwaka wa kwanza wa masta) haikufunguliwa mwaka huu juu hakuna mwenye alijiandikisha. Baba anasema amechoka kulipa minervali (feza ya masomo) ya kitu chenye hakina kazi, anataka niende sheria ao informatike. Sasa nauliza: fizikia inakufa kweli? Na nikimaliza, nitakula nini?"

Yambo mdogo wangu. Nakujibu kama mtu mwenye alipita mule mule. Miye nilimaliza wakati wa zile G1, G2, G3 (miaka mitatu ya gradua) na kisha licence miaka miwili, mbele ya hii LMD (lisansi, masta, doktora) yenye ilianza kwa wote mu 2021-2022, na promosiyo yetu ya mwisho tulikuwa watano. Watano! Siku ya kutangaza matokeo apariteri alimaliza kusoma majina yetu hata watu hawajakaa vizuri, mama yangu alifika amechelewa dakika tano akakuta tunatoka inje, akafikiri nimeanguka.

Basi ndiyo, inapungua, sikufichi. Lakini tuangalie inapungua juu ya nini, maana watu wanasemaka tu "hakuna kazi" na wanafunga mazungumzo pale. Kwa macho yangu ugonjwa unaanzia chini, ku sekondere. Mwalimu wa fizikia mwenye alisoma fizikia ya kweli amekuwa kama dawa ya kutafuta mu famasi kumi, mu shule nyingi unakuta zile saa anapewa mtu wa biolojia ao mtu yeyote mwenye orere yake ina nafasi, na huyo anafundisha formula kama vile anafundisha katekisimu. Na yule mwalimu mwenye anaijua? Anaweza kufundisha miaka na miaka akiwa bado ni "nuveli inite", hajamekanizwa, ni kusema hayuko ku listi ya mishahara ya Serikali, anaishi na prime ya wazazi. Kijana mwenye akili ya hesabu anamuangalia mwalimu wake, anaangalia viatu vyake, anajiambia hapana, miye nitaenda mines. Pale tunamupoteza, hata mbele ya egzetati (egzame ya Serikali ya kumaliza sekondere).

Ingine ni kwamba fizikia ni kozi ya bei. Sheria unaifundisha na chaki na sauti, mbele ya auditori ya watu mia na mia, na minervali yao inalisha nyumba yote. Fizikia inataka osiloskopu (chombo cha kuonyesha umeme ku skrini), inataka vyombo vya kupima, inataka umeme wenye haukatike katikati ya kipimo, na yote hiyo kwa ajili ya watu saba. Mwenye kushika kasha akipiga hesabu yake unajua jibu litakuwa gani. Miye osiloskopu ya kwanza niliiona ubaoni, nakuambia kweli: asistanti wetu aliichora na chaki, akachora vibatoni vyote na skrini yake, akasema "hiki ni cha muda, hiki ni cha volti", siye tukakopia mu kaye, na egzame tulipewa swali juu ya vile vibatoni! Ile ya kweli ilikuwa mu kabati lenye ufunguo wake ulipotea, siku walivunja lile kabati walikuta panya walishakula waya.

Tena kuna mambo ya zamani yenye vijana hamuyajui vizuri. Kisha ule usiku wa mauaji ya wanafunzi hapa ku kampisi ya Lubumbashi, Mei 1990, ushirikiano wa Ubelgiji na Zaire ulikatika, na maasistanti wenye walikuwa wanangojea kwenda kufanya doktora kule walibaki na valizi mlangoni. Profesa hapikwi siku moja kama bukari. Lile pengo la miaka ile tunalihesabu sasa, wakati wazee wanaenda ku pansiyo mmoja mmoja na nyuma yao hakuna mtu. Na inauma zaidi juu nchi hii haikuanzia nyuma: 1959 Kinshasa, wakati ule Leopoldville, iliwasha TRICO pale ku chuo kikuu cha Lovanium, reakta ya kwanza ya nyuklia mu Afrika yote, na jiwe la uranium lenye lilifanya dunia itujue lilitoka Shinkolobwe, hapa tu karibu na Likasi. Ile ya pili, TRICO II, imelala tangu 2004.

Usifikiri lakini ni siye peke. Uingereza, Chuo Kikuu cha Reading kiliamua 2006 kufunga idara yake ya fizikia, na sababu ilikuwa ile ile: wanafunzi kidogo, gharama kubwa. Mu Marekani jimbo la Texas lilitishia 2011 kufunga programu zenye hazifikishe wahitimu 25 kwa miaka mitano, na fizikia ilikuwa kati ya zile zenye zilikuwa mu shida. Sasa sikia hii, juu hii njo watu hawasemake: Marekani hao hao walikuwa wameshuka mpaka karibu wahitimu 3,600 kwa mwaka mu 1999, kila mtu akilia kilio, na miaka makumi mbili kisha walipita 9,000. Haikuwa juu walifungua viwanda vyenye vimeandikwa "hapa tunatafuta fizisie". Wengi wao wenye wanaingia kazini na digrii ya kwanza wako mu uinjinia, mu programu za kompyuta, mu viwanda, kazi zenye jina lingine kabisa.

Hapa njo nataka usikilize vizuri. Kazi yenye inaitwa "fizisie" karibu haiko, ukiingojea utazeeka. Kazi yenye iko ni ya mtu mwenye anajua kama kipimo kinasema kweli ao kinadanganya, na hiyo mu Katanga haiwezi kuisha hata kesho kutwa, maana hapa kila kitu kinauzwa ku kipimo.

Nikuadisie ginsi niliigundua. Nilipomaliza nilikaa miezi kumi na moja bila kazi, nikifanyisha reviziyo wana wa egzetati pa Kamalondo, falanga mia tano mia tano. Shemeji yangu alikuwa na depo ndogo ya kununua madini njiani ya Kolwezi, akanipigia simu juu ya fujo: wakrezere (wachimbaji wa mikono) walikuwa wanasema metorex yake inaiba. Metorex unaijua, ile mashini yenye sura ya bastola, watu wanaiita vile hata kama ni ya fabrikanti mwingine, unaielekeza ku jiwe, sekunde kidogo inakutolea tenere, kobalti ngapi, shaba ngapi, na bei yote inatoka pale. Mfuko mmoja asubuhi walipima kobalti 3.4 kwa mia, mchana mfuko ule ule 2.6. Kwa mtu mwenye alilala shimoni siku tatu, ile tofauti ni chakula ya wana wake. Walikuwa karibu kuchoma depo.

Shemeji alikuwa anaapa mbele ya Mungu kwamba hakugusa kitu, na miye nilipofika nikaona kweli hakugusa, shida ni kwamba hakuna mtu pale alijua ile bastola inafanya nini. Sasa wewe uko mu L2, utanifuata. Ukiligonga jiwe na miali ya X, elektroni ya ndani inatoka, ya juu inashuka kuziba nafasi, na inatoa mwali wenye nguvu yake maalum, kila elementi na sauti yake: chuma 6.40 kiloelektronivolti, kobalti 6.93, shaba 8.05. Mashini inasikiliza sauti na kuhesabu. Muzuri. Lakini chuma iko na sauti ya pili, ndogo, 7.06, unaona inakaa wapi? Mlango kwa mlango na kobalti. Mfuko ukiwa na udongo mwekundu mwingi, na mashini haikupangwa vizuri kwa aina ile ya jiwe, inaanza kuchanganya jirani na jirani. Tena ile miali haiingii ndani, kwa kobalti na shaba inasoma ngozi tu ya jiwe, haifiki hata milimita moja, basi ukielekeza upande wenye unang'aa unapata namba moja, upande wa udongo namba ingine. Na mvua! Ule mfuko asubuhi ulikuwa mkavu, mchana ulikuwa umenyeshewa, maji yanameza sehemu ya miali, kisha yanaongeza uzito ku mizani, na wanaanza kugombana juu ya kukata kilo za maji.

Nilichofanya haikuwa maajabu. Tulitwaa kipande cha bati, tukakiweka juu ya mbabula, tukakausha kidogo ya kila mfuko, tukatwanga mu kinu cha sombe (mke wa shemeji mpaka leo hajanisamehe), tukachunga, tukapima mara tano na kutafuta wastani. Na nikachagua jiwe moja lenye tulilitwanga vizuri, nikalifunga mu sashe, nikaandika juu yake SHAHIDI. Kila asubuhi mbele ya watu wote tunapima shahidi kwanza. Akisema 2.9 kama jana, tunaanza kazi, akisema ingine, mashini inapumzika mpaka tujue iko na nini. Fujo ilikwisha mu juma moja. Wakrezere wenyewe walikuwa wanakuja kuuliza, "shahidi amesema ngapi leo?" Kisha majuma mawili depo za jirani zikaanza kuniita, dola makumi mbili kwa kila depo, na ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani mtu kunilipa juu ya fizikia. Na yote hiyo ilikuwa ni kozi ya G2 na ile teoria ya makosa ya vipimo yenye tulikuwa tunaichukia wote.

Sasa tuhesabu milango, haraka haraka kwa ile mingine, nitakawia ku mmoja.

Mlango nitakawia ni mionzi. Ndani ya viwanda vya shaba na kobalti kuna vyombo vya kupima uzito wa matope ndani ya mabomba makubwa, upande mmoja kuna chanzo kidogo cha mionzi, sezyumu 137, upande mwingine kuna kigunduzi, matope yakiwa mazito miali inapita kidogo. Watu wanapita pale kila siku na hawajui ndani kuna nini. Chanzo kile kinapunguka nusu kila miaka 30 hivi, basi chombo kinataka kurekebishwa, mfanyakazi wa karibu anapaswa kuvaa dozimeta (kidude cha kuhesabu mionzi yenye amepokea) ku kifua, na mtu mmoja anapaswa kujua kwamba mipaka ya mfanyakazi ni milisiverti 20 kwa mwaka kwa wastani na ya raia wa kawaida ni 1 tu. Nchi iko na sheria ya mambo hayo tangu 2002. Tena jiwe letu lenyewe linabebaka uranium pamoja na kobalti: 2018 kampuni moja kubwa ya upande wa Kolwezi ilisimamisha kwa muda kuuza kobalti yake inje juu uranium ilikuwa juu ya kiasi chenye kinakubaliwa kwa usafiri. Nani anapima yote hayo? Mara nyingi ni mtu mwenye walimufundisha siku mbili. Miye niliingia mine kupitia mlango huu, kwanza kwa sutretansi, kontra ya miezi mitatu mitatu, leo njo kazi yangu.

Mingine: OCC (ofisi ya Serikali ya kukagua bidhaa) iko na kazi ya metrolojia, ni kusema kuhakikisha vipimo. Hospitali zinanunua skana na mashini za X na hawana mtu wa kuzikagua. RVA (viwanja vya ndege) na METTELSAT (ofisi ya hali ya hewa) kwa mambo ya anga na hali ya hewa. Kule Goma, Observatoire ya volkano inataka watu wa seismolojia (kupima mitetemeko ya ardhi), na kisha Nyiragongo ilipotapika tarehe 22 Mei 2021 sifikiri kuna mtu wa Goma mwenye anauliza kama hiyo kazi iko na faida. Sola pia, lakini siyo kupanda ku paa, hiyo kila mtu anafanya, nasema kupiga hesabu ya batri na kupima kama pano inatoa kweli kile kimeandikwa nyuma yake. Na ualimu, usiucheke: shule za private za hapa Lubumbashi zinamutafuta mwalimu wa fizikia mwenye anaeleweka, na mwenye yuko muzuri anafanya shule mbili, anachagua masaa yake.

Mlango wenye umefungwa nikuambie pia, usije kunilaumu. Matangazo mengi ya mine yanaandika "ingénieur civil" na mu biro ya wafanyakazi hawajui fizisie ni mnyama gani, sivi yako wataiweka pembeni hata hawajageuza ukurasa. Ukitaka kuitwa enjenieri, basi baba yako yuko na haki, hama sasa, uende politekniki, usingojee M1. Na kujuana kupo, hiyo siyo habari mpya kwako. Njia ya kupita pale ni kuandika juu ya sivi chombo chenye unakijua, siyo jina la diplomi. "Diplomé en physique" haiwaambii kitu. "Najua kupanga XRF (ile mashini ya metorex), najua radioproteksiyo (kukinga watu na mionzi), najua Python (lugha ya kuandika programu za kompyuta)" inawaambia kitu.

Basi kwa ile miezi yenye inabaki mu lisansi yako, miye ningefanya hivi. Ningemaliza L3 bila kuhama, juu umeshalipa nusu kubwa na ukihamia sheria unaanza sifuri. Kazi yako ya mwisho usiifanye ya kukopia vitabu, chagua kitu chenye kinapimwa mu mji huu: mionzi ya udongo karibu na remblai (malundo ya mabaki ya mine), volti yenye inafika kweli mu nyumba za Katuba saa moja ya jioni, chochote chenye kitakulazimisha kushika chombo. Tafuta stazhi hata ya bure, hata ya kufagia, mahali pako chombo. Python jifunze ku simu kama kompyuta haiko, inawezekana, nimeona watu wanafanya. Na Kiingereza, sikia vizuri, Kiingereza! Juu milango ya kusoma mbele yenye inalipwa iko karibu kuliko vile unafikiri, lakini yote inaongea Kiingereza: Kigali kuna EAIFR (chuo cha utafiti wa fizikia) tangu 2018, chini ya ICTP (kituo cha kimataifa cha fizikia) ya Trieste kule Italia, na kuna AIMS (chuo cha hesabu), Trieste kwenyewe ICTP iko na Diploma ya mwaka mmoja kwa watu wa nchi kama yetu, na tangu 2014 iko na masta ya fizikia ya hospitali. Wanaomba barua ya profesa. Na hapa njo faida ya kuwa watu saba: profesa wako anakujua jina, anajua mpaka ginsi unaandika. Mwenzako wa sheria mu auditori ya watu mia nane atamuomba nani hiyo barua?

Kuna jambo moja lenye siwezi kukusaidia. Kuna watu wenye wanaweza kukaa na namba moja yenye haikubali, wanaigeuza, wanapima tena, mpaka saa nane ya usiku, na wanasikia utamu. Kama wewe siye huyo, kama fizikia uliiingia tu juu ulikosa nafasi kwingine, hama bila haya, hakuna mtu atakucheka, na informatike ni kazi nzuri tu ingawa mtakuwa wengi kama nzige.

Juu ya baba. Usimubishie, hesabu yake iko sawa kabisa: analipa, haoni kitu. Ukimuambia "fizikia ni mama wa sayansi zote" atakuuliza kama huyo mama anapika. Mwombe tu muda mpaka mwisho wa likizo kubwa, na mu hiyo likizo utafute stazhi. Akikuona unaamka saa kumi na moja, unarudia na vumbi na kofia ya mine, mtaongea lugha ingine. Akitaka kuongea na miye pia, umupe namba yangu, apige hata usiku sana, juu hapa kwetu Kalubwe umeme unarudiaka saa saba ya usiku na njo saa naamkaka kunyoosha pasi.